Nyasi za Daikanbo Hazikujiotea

Sentensi iliyonifanya nikae chini na kuandika makala haya aliitamka shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, mwanzoni mwa mwezi Mei, tukiwa tumesimama kwenye ncha ya Daikanbo, katika nchi ya volkano ya Aso huko Japani, mita 936 juu ya usawa wa bahari, upepo ukitupiga ubavuni na bonde zima la Aso likiwa limelala chini ya miguu yetu. Alikuwa amekuja kututembelea Fukuoka kutoka Dar es Salaam, nami nilimtoa kitandani alfajiri ili tuwahi kufika kabla ya misururu ya magari ya juma la sikukuu. Alitazama kwa muda mrefu bila kusema neno, kisha akavua kofia na kusema, "Shemeji, hapa ndipo mahali ambapo mkono wa mtu haujafika."

Aliyasema hayo kwa unyenyekevu, na wala simlaumu, kwa sababu maneno hayohayo nimeyasikia vinywani mwa waongoza watalii, nimeyakuta kwenye vipeperushi vya safari, na nimeyaona yameandikwa chini ya picha nyingi za mahali pale kwa lugha tofauti. Hata hivyo yalinichoma. Nilimjibu palepale, "Shemeji, huo mteremko unaoutazama, mwezi Machi ulikuwa mweusi kama chungu kilichokaa mafigani, na walioufanya mweusi ni wazee wa umri wa baba yako." Alidhani namtania. Nilitumia sehemu kubwa ya siku ile kumweleza, na kwa kuwa maelezo ya ndani ya gari hayakunitosheleza, nayarudia hapa kwa utulivu.

Njia yenyewe ya kufika Daikanbo ni somo la kwanza, kwa mwenye kutazama. Barabara ya taifa namba 212 hutoka Hita na kupanda kupitia Oguni, na kwa mwendo mrefu huoni chochote ila mierezi ya Kijapani iliyosongamana kiasi cha kuugeuza mchana kuwa magharibi, yote imenyooka, yote ya kimo kimoja, kwa sababu ilipandwa kwa safu ili itoe mbao. Kisha miti inakatika ghafla, mbingu inafunguka, na gari linajikuta limeingia kwenye nyika ya nyasi inayopanda na kushuka hadi upeo wa macho. Hapo juu ndipo unapokutana na barabara ambayo Wajapani huiita Milk Road, yaani Barabara ya Maziwa, jina lililotokana na malori yaliyobeba maziwa kutoka kwenye mashamba ya ng'ombe yaliyo kandokando yake. Ninalipenda sana jina hilo. Waliolitoa walikuwa wakifikiria kazi ya asubuhi, ndoo na kukamua, wala hawakuwafikiria sisi wenye kamera.

Kutoka kwenye maegesho unatembea kwa miguu dakika chache hadi kwenye ncha, na pale ardhi inaishia. Ukuta wa kaldera, yaani bonde kubwa lililoachwa na milipuko ya volkano, unaporomoka mbele yako, na ng'ambo ya bonde vinasimama vilele vitano vya Aso, miongoni mwavyo Nekodake yenye meno kama msumeno, Takadake yenye mita 1,592, na Nakadake ambayo bado inapumua moshi mweupe. Wenyeji husema vilele hivyo kwa pamoja vina umbo la Buddha aliyelala chali, Nekodake ikiwa ndiyo uso wake, na asubuhi za majira ya kupukutika kwa majani, bonde linapojaa mawingu hadi ukingoni, huonekana kama anaelea. Kaldera yenyewe ina urefu wa kilomita 25 hivi kutoka kaskazini hadi kusini na upana wa kilomita 18 kutoka mashariki hadi magharibi. Ilichimbika kwa milipuko mikubwa minne, wa mwisho ukiwa wa takriban miaka 90,000 iliyopita.

Mimi ni mzaliwa wa Karatu, na kusimama kwenye ukingo wa kreta si jambo geni kwangu, kwa kuwa nimepanda kwenye ukingo wa Ngorongoro tangu nikiwa msichana mdogo. Kilichonishtua siku ya kwanza nilipofika Daikanbo, miaka kadhaa iliyopita, ni mapaa. Chini ya ukuta ule kuna miji, shule, hospitali, mashamba ya mpunga ambayo mwezi Mei hujazwa maji na kung'aa kama vipande vya kioo, na treni ambayo kwa mbali inaonekana kama siafu mmoja aliyepoteza wenzake. Makumi ya maelfu ya watu wanaishi ndani ya kaldera hiyo, wanalima, wanazaa na kuzikana humo, huku kasoko ya Nakadake ikifuka moshi juu ya vichwa vyao. Wenyeji wana simulizi kwamba zamani bonde lilikuwa ziwa, mpaka mungu Takeiwatatsu alipoupiga teke ukuta ili maji yatoke na watu wapate mahali pa kulima. Teke la kwanza halikufua dafu, la pili lilipasua ukuta upande wa magharibi, naye akaanguka kwa makalio na kushindwa kusimama, akilia "tatenu", yaani siwezi kusimama, na hapo ndipo, wasemavyo, lilipotokea jina la mahali hapo, Tateno. Kwamba kweli palikuwa na ziwa, wanajiolojia wanakubali.

Lakini nilikuja kusema juu ya nyasi.

Aso hunyeshewa mvua nyingi mno, na hewa yake si ya baridi kali ya kuzuia miti isiote. Kwa hali ya hewa kama hiyo, ardhi ikiachwa peke yake haibaki nyasi. Mwaka wa kwanza na wa pili inaota miiba na vichaka, miaka michache baadaye huwezi kupita bila panga, na kabla mtoto hajamaliza shule imeshakuwa msitu. Ili hekta zipatazo 22,000 za nyasi zilizopo leo ziendelee kuwa nyasi, inabidi kila mwaka, kuanzia mwezi Februari hadi Machi, watu wapande na moto. Kazi hiyo inaitwa noyaki, uchomaji wa nyika, na imefanyika huko kwa muda mrefu kiasi kwamba kumbukumbu za dola la Japani zilizokamilishwa mwaka 927 tayari zinayataja malisho ya farasi ya Aso. Kwa hiyo mgeni anaposimama pale na kusifu mahali palipoachwa bila kuguswa, anasifu sehemu ambayo imeguswa kila mwaka, kwa mkono, kwa zaidi ya miaka 1,000.

Na moto ndiyo sehemu fupi ya kazi. Sehemu ndefu ni ile ya kuhakikisha moto hautoki. Mwishoni mwa kiangazi, jua likiwa bado kali, wanaushirika wa malisho hufyeka kinga moto kuzunguka kila kipande cha nyika, mikanda yenye upana wa mita 10 hivi inayopanda na kushuka miteremko mikali, ambayo ikiunganishwa yote inafikia takriban kilomita 500. Nyasi zilizofyekwa huachwa zikauke siku kadhaa, kisha mkanda wenyewe huchomwa kwa uangalifu ubaki udongo mtupu, ili mwezi Machi moto mkubwa ukifika hapo ukose chakula. Watu wa kuifanya kazi hiyo wamepungua na wamezeeka, ng'ombe nao wamepungua, na ndiyo maana tangu mwaka 1999 wanakuja watu wa kujitolea kutoka mijini kusaidia.

Septemba iliyopita nilikuwa mmoja wao, baada ya kupitia mafunzo ambayo hakuna anayeruhusiwa kuyakwepa. Wenye uzoefu walitangulia na mashine za kukatia nyasi begani, nasi tulifuata na reki kuziburuta nyasi hadi ukingoni mwa mkanda. Susuki, nyasi ile ndefu inayopendwa na wapiga picha inapotoa mashuke ya fedha, ina ukingo wa jani unaokata kama wembe. Kufikia saa nne asubuhi nilikuwa na michirizi myekundu kutoka kwenye kifundo cha mkono hadi kiwiko, ingawa nilikuwa nimevaa mikono mirefu. Mteremko ulikuwa mkali kiasi kwamba mguu wa chini ulibeba mwili wote. Mbele yangu alikuwa mzee wa miaka 70 na ushei ambaye hakuzungumza kabisa, lakini kila baada ya hatua kumi hivi alisimama, akainama, akaokota kwa vidole majani machache ambayo reki zetu ziliyaacha, na kuyatupa nje ya mkanda. Wakati wa chakula nilimuuliza kwa nini anahangaika na majani matatu. Alinijibu kwamba moto huvuka kwa majani matatu.

Hakuwa akitia chumvi. Mwezi Machi 2009, huko Yufu, katika mkoa jirani wa Oita, watu 4 walifariki katika uchomaji wa aina hiyohiyo baada ya kuzingirwa na moto. Upepo ukigeuka, anayeuona kwanza ni mzee aliyebeba mfuko wa maji mgongoni na fimbo ndefu ya kupigia moto mkononi. Huyo ndiye mkono wa mtu ambao tunaambiwa haujafika Daikanbo.

Zamani kazi ilikuwa kubwa zaidi. Kabla ya matrekta, familia za bondeni zilipanda juu majira ya kupukutika kwa majani na kulala huko siku nyingi mfululizo katika vibanda vilivyojengwa kwa nyasi zenyewe, zikifyeka na kukausha chakula cha mifugo cha majira ya baridi. Wanawake walipika huko, watoto walilala huko. Desturi hiyo iliitwa kusadomari, kulala nyasini, na imebaki katika kumbukumbu za wazee wachache. Nyasi ziliezeka nyumba, zikalisha ng'ombe, na samadi ya ng'ombe ikashuka kurutubisha mpunga. Mbolea ya dukani, mashine na bei za mifugo vilipobadilika, mnyororo huo ulilegea, na katika kipindi cha miaka 100 eneo la nyasi limepungua kwa takriban nusu. Nusu hiyo haikuibiwa na mtu. Iliachwa tu, na msitu ukaichukua.

Hapa ndipo ninapolazimika kurudi nyumbani kidogo, kwa sababu jambo hili tunalijua, tena tumelilipia gharama. Mwaka 1974 wafugaji wa Kimaasai waliondolewa katika sakafu ya kreta ya Ngorongoro, na baada yao uchomaji wa nyasi nao ukakoma. Nyasi zikarefuka na kukomaa, na kupe wakastawi ndani yake. Ukame mkali wa mwaka 2000 ulipofuatiwa na magonjwa yanayoenezwa na kupe, mamia ya nyati walikufa, na hata vifaru hawakusalimika, na kuanzia mwaka 2001 uchomaji wa kupangwa ukarudishwa kwa sababu hiyo. Mjadala wa nani abaki Ngorongoro na nani ahame ni mrefu na una machungu yake, na hauwezi kutatuliwa katika makala ya safari. Ninachosema ni kimoja: walipoondoka watu tulidhani tumeiachia nyika iwe yenyewe, kumbe tulikuwa tumeondoa mmoja wa walezi wake. Wazee wa Aso nao, ukiwauliza kwa nini wanachoma, jibu la kwanza huwa majani mapya kwa ng'ombe, na la pili ni kupe.

Wala kufanana huko sikukuona peke yangu. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliyaingiza malisho ya Aso mwaka 2013 katika orodha yake ya urithi wa kilimo wenye umuhimu kwa dunia nzima, orodha ambayo tangu mwaka 2011 ina Engaresero, nchi ya wafugaji wa Kimaasai chini ya Oldoinyo Lengai. Aso na Ngorongoro-Lengai zote mbili ni jiopaki za UNESCO, yaani maeneo yanayotambuliwa kwa urithi wake wa kijiolojia. Kwenye karatasi, tayari ni ndugu.

Kuna kipepeo mdogo wa buluu huko Aso ambaye hutaga mayai kwenye matumba ya mmea mmoja tu, unaoitwa kurara. Mmea huo ni mchungu na ng'ombe hawaugusi, kwa hiyo wanakula kila kitu kinachouzunguka na kuuacha umesimama kwenye jua. Ng'ombe wakiondoka, vichaka vinaumeza mmea, na kipepeo anakosa pa kutaga. Nimemweleza habari hiyo kila mgeni niliyempeleka Aso, na sijachoka kuieleza. Isitoshe, jiji la Kumamoto lenye watu zaidi ya 700,000 linakunywa maji ya chini ya ardhi peke yake, na sehemu kubwa ya maji hayo ni mvua iliyonyesha upande wa Aso, ambayo nyika hizi husaidia kuipenyeza ardhini. Kwa hiyo nyasi hizo si pambo la watalii. Mtu anayefungua bomba asubuhi mjini Kumamoto anahusika nazo, ajue asijue.

Nikubali pia yanayonipasa kukubali. Watalii wanaleta fedha, na nyumba za wageni zenye maji ya moto za Uchinomaki, pale chini kabisa ya ncha, zisingeishi kwa kipepeo. Baada ya tetemeko la Aprili 2016, daraja kubwa la Aso lilipoporomoka na reli kukatika kwa zaidi ya miaka minne, kurudi kwa wageni kulikuwa faraja ya kweli kwa watu wale. Nakubali pia kwamba si kila moto ni moto mwema: sisi tulioona Kilimanjaro ikiungua Oktoba 2020 hatuhitaji kuelezwa. Moto wa Aso una siku yake, mipaka yake na wenyewe wanaoulinda hadi jivu la mwisho. Na paneli za umeme wa jua zinazozidi kutandazwa kwenye nyika za ukingoni sizipendi, lakini mwenye ardhi asiye na ng'ombe wala kijana wa kumrithi simwoni kuwa mkosaji.

Ninachoshindwa kukikubali ni seng'enge kuvukwa. Siku ile ya Mei, kilomita chache kutoka Daikanbo, tulikuta magari manne yameegeshwa kando ya barabara na watu kama kumi wakiwa ndani ya malisho, wamekanyaga uzio hadi ukalala, watoto wakikimbia, mmoja akirusha droni juu ya ng'ombe wekundu waliokuwa wamesimama na ndama wao wakitazama juu kwa hofu. Kibao cha kukataza kuingia kilikuwa palepale, kimeandikwa kwa lugha nne. Nilisimamisha gari na kuwaomba watoke. Mmoja wao aliniambia, kwa upole kabisa, kwamba ni nyasi tu, hakuna kilichopandwa.

Ni nyasi tu. Mwaka 2010, mkoa jirani wa Miyazaki ulipokumbwa na ugonjwa wa miguu na midomo, karibu mifugo 290,000 ilichinjwa ili kuuzuia. Wafugaji wa Aso waliishi miezi hiyo kwa hofu, wakijua kwamba ugonjwa huo husafiri hata kwa udongo ulioganda kwenye soli ya kiatu. Uzio ule unawalinda ng'ombe dhidi ya viatu vyetu, viatu ambavyo jana vilikuwa uwanja wa ndege na juzi labda zizini mwa mtu katika nchi nyingine. Anayeuvuka kwa ajili ya picha hajui anachokihatarisha, na hajui kwa sababu ameambiwa kwamba pale hapana mwenyewe, kwamba ni mahali pasipoguswa. Ndiyo maana nimesema tangu mwanzo kwamba maneno yale yanachoma. Ukishamfuta mtu kwenye mandhari yake, kukanyaga uzio wake hakukusumbui.

Waliondoka hatimaye. Tulibaki mimi na shemeji tukijaribu kuunyanyua uzio, na tulikuwa bado tunahangaika na nguzo ya pili pale gari dogo la mizigo liliposimama nyuma yetu, na mzee mmoja akashuka na koleo na mzingo wa waya, bila kuuliza lolote, kama mtu aliyezoea kuikuta kazi hiyo. Nilimwinamia na kumwomba radhi kwa niaba ya watu nisiowajua. Shemeji alishika waya ukiwa umenyooka huku mzee akiukaza, nao wakaenda hivyo nguzo hadi nguzo, wasielewane hata neno moja. Majani chini yao yalikuwa mapya kabisa, ya kijani cha ndizi mbichi, na katikati yake ulikuwa bado unaweza kuyaona mashina meusi ya mwezi Machi, yakiacha masizi kwenye pindo za suruali ya shemeji.

Kazi ilipokwisha mzee aliuliza tunatoka wapi. Nilimwambia Tanzania, na kwamba kwetu pia kuna kreta, kubwa, yenye nyasi. Alifikiri kidogo, akauliza kama kuna ng'ombe. Nikamwambia wapo wengi kandokando yake, na kwamba kupe nao wapo. Aliposikia kupe alicheka, akageuka kumtazama shemeji usoni kwa mara ya kwanza, kama mtu aliyegundua kuwa amekutana na jirani.

"Kwa hiyo na ninyi mnachoma," alisema.

Nikamtafsiria shemeji. Shemeji akatazama chini, kwenye masizi yaliyokuwa kwenye suruali yake, kisha akajibu kwa Kiswahili, akimtazama mzee moja kwa moja, kwamba ndiyo, tunachoma.

Mzee alisubiri tafsiri yangu, akatikisa kichwa kukubali, na akauliza, "Mwezi gani?"